Kidonge Kimoja Kutwa Mara Tatu: Lugha ya Maelekezo ya Dawa kama Kikwazo na kama Nyenzo ya Ufuasi wa Tiba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna lugha ya Kiswahili inayotumika kumwelekeza mgonjwa kutumia dawa inavyoweza kumzuia asizitumie ipasavyo, hata pale anapokuwa na nia njema na dawa mkononi. Data zilizochambuliwa ni kauli za kawaida zinazosikika katika dirisha la dawa na kuandikwa juu ya vibahasha vya dawa nchini Tanzania: maelekezo ya idadi, ya wakati, ya chakula, pamoja na majina ya magonjwa ya kudumu. Uchambuzi umeongozwa na Kanuni ya Ushirikiano ya Grice (1975). Hoja kuu ni kwamba baadhi ya wagonjwa wanaohesabiwa kuwa wamekiuka maelekezo wameyafuata kama walivyoyaelewa, na uelewa wao una msingi katika maana halali za maneno waliyoambiwa. Makala yanapendekeza hatua ambazo mtoa dawa anaweza kuzichukua bila vifaa vipya, kubwa zaidi ikiwa kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyotumia dawa kabla hajaondoka dirishani.

Istilahi za msingi: ufuasi wa tiba, maelekezo ya dawa, utata, pragmatiki, shinikizo la juu la damu

1.0 Utangulizi

Chimbuko la makala haya ni tukio la nyumbani kwa mwandishi, linalosimuliwa hapa kwa ridhaa ya mhusika. Mama mzazi wa mwandishi alipimwa katika kituo kimoja cha afya akaambiwa kuwa presha yake imepanda. Akapewa vidonge, akavimeza kwa mwezi mmoja bila kukosa. Aliporudi kupimwa aliambiwa, “Mama, presha imeshuka, hongera.” Kuanzia siku hiyo aliviweka vidonge kabatini na kuvitoa tu siku alizohisi kichwa kizito. Haukupita mwaka, akapata kiharusi. Majirani walisema mama ni mbishi wa dawa. Kumbe mama hakuwa amebisha neno hata moja. Aliambiwa presha ikipanda hutibiwa kwa vidonge. Kisha akaambiwa imeshuka. Kwa mantiki ya Kiswahili alichoambiwa, kuendelea kumeza dawa ya kitu kilichokwisha kushuka kungekuwa jambo la ajabu.

Tatizo la wagonjwa kutotumia dawa kama walivyoelekezwa halikuanza leo wala si la nchi moja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilieleza kuwa hata katika nchi zilizoendelea, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata tiba ipasavyo ni wastani wa asilimia 50 tu, na kwamba katika nchi zinazoendelea hali ni duni zaidi. Ripoti hiyo iliyagawa mambo yanayoathiri ufuasi katika nyanja tano: hali ya kijamii na kiuchumi, mfumo wa afya na watoa huduma, hali ya ugonjwa, aina ya tiba, na mgonjwa mwenyewe. Mgawanyo huo umesaidia kuondoa dhana kwamba kosa ni la mgonjwa peke yake. Lugha haikupewa nyanja yake katika mgawanyo huo, ingawa inapita katika zote tano: ugonjwa una jina, tiba ina maelekezo, mtoa huduma ana kauli, na mgonjwa ana tafsiri yake.

Makala haya yanajikita katika upande huo. Hayakusudii kutoa takwimu za wangapi hukosea. Yanakusudia kuonesha kosa linavyozaliwa ndani ya sentensi, ili wale wanaozitamka sentensi hizo kila siku waweze kuzirekebisha.

2.0 Dhana ya Ufuasi na Majina Yake

Kabla ya kuchambua maelekezo yenyewe, inafaa kutazama jina la jambo linalojadiliwa, kwa sababu jina huonesha nani anatazamwa kuwa na wajibu. Katika taaluma ya tiba, dhana ya zamani ilikuwa ya utii: tabibu anaamuru, mgonjwa anatii. Baadaye ilikuja dhana ya makubaliano, ambayo katika huduma za Virusi vya UKIMWI (VVU) nchini Tanzania huitwa ufuasi. Neno hili lina faida yake. Mfuasi huchagua kufuata, tofauti na mtumwa au askari anayeamriwa. Hata hivyo, ufuasi unadai jambo moja kwanza: anayefuata sharti aione njia anayotakiwa kuifuata.

Kwa upande mwingine, mgonjwa anayeacha kuhudhuria kliniki ya kifua kikuu au ya VVU ameitwa, katika mazungumzo ya watumishi na hata katika kumbukumbu za kazi, mtoro. Mtoro katika Kiswahili ni mwanafunzi anayekwepa shule, na kabla ya hapo alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Neno hilo linabeba hukumu kabla ya swali. Mgonjwa aliyekosa nauli, aliyepatwa na msiba, au aliyedhani amekwisha kupona, wote huwekwa katika fungu moja na yule aliyekataa dawa kwa makusudi. Aliyekwisha kuitwa mtoro huona aibu kurudi, na aibu hiyo yenyewe ni kikwazo cha tiba.

Tanzania ina historia ya kujivunia katika eneo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wa nchini kujenga mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu, na uzoefu uliopatikana hapa ulikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani katika miaka ya 1990. Sehemu mojawapo ya mkakati huo ni kwamba mgonjwa anameza dawa mbele ya mtu mwingine. Mtu huyo anaweza kuwa mtumishi wa afya au ndugu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Funzo moja la mpango huo ni kwamba mgonjwa wa tiba ya miezi 6 anahitaji mwenzake wa safari. Makala haya yanaongeza kwamba anahitaji pia maneno yasiyompoteza.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Grice (1975) anaeleza kuwa mazungumzo huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano, yenye kaida nne: kaida ya wingi, inayomtaka msemaji atoe taarifa za kutosha bila kuzidisha, kaida ya ubora, inayomtaka aseme kweli, kaida ya uhusiano, inayomtaka aseme yanayohusika, na kaida ya namna, inayomtaka aepuke utata na ufumbaji. Msikilizaji naye huchukulia kwamba msemaji amezizingatia kaida hizo, na kwa msingi huo hujaza yale ambayo hayakusemwa.

Kanuni hii inafaa kwa maelekezo ya dawa kwa sababu mbili. Kwanza, mazungumzo ya dirisha la dawa ni mafupi, na kadiri mazungumzo yanavyokuwa mafupi ndivyo msikilizaji anavyojaza mengi. Pili, imani ya mgonjwa kwa mtoa dawa ni kubwa. Yeyote aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na kauli yake huchukuliwa kuwa imekamilika. Ikiwa daktari hakusema kwamba dawa inaendelea baada ya presha kushuka, basi, kwa kaida ya wingi, mgonjwa ana haki ya kuhitimisha kuwa haiendelei.

4.0 Uchambuzi wa Vikwazo vya Kilugha

4.1 Idadi: Mbili Mara Tatu

Juu ya kibahasha cha dawa huandikwa mara nyingi 1x3, 2x2 au 2x3. Kwa mfamasia, 2x3 ni vidonge viwili kwa kila dozi, dozi tatu kwa siku. Alama hiyo husomwa “mbili mara tatu”. Neno mara, hata hivyo, lina kazi mbili katika Kiswahili. Linataja tukio linalojirudia, kama katika “nimekwenda mara tatu”, na linataja kuzidisha katika hesabu, kama mtoto anavyokariri shuleni kuwa mbili mara tatu ni sita. Kwa msomaji wa pili, 2x3 ni sita, na hakuna kinachomwambia kama sita hizo zinamezwa kwa pamoja au kwa mafungu.

Aidha, hakuna kinachoonesha ni namba ipi ya vidonge na ipi ya nyakati. Mwenye 1x3 anaweza kumeza vidonge vitatu mara moja kwa siku. Jumla ya siku itakuwa ileile, lakini dawa iliyokusudiwa kugawanywa itaingia mwilini kwa mkupuo, kisha itapungua kabla ya kesho. Kwa dawa ya kuua bakteria, huo ni mwanya kwa vimelea kupata nafuu. Alama ya hesabu imevunja kaida ya namna, ingawa mwandishi wake aliona kuwa ameandika kwa ufupi na kwa uwazi.

Tatizo la namna hiyo linajitokeza katika dawa ya maji ya watoto. “Kijiko kimoja cha chai” hukusudiwa kuwa mililita 5, lakini vijiko vya majumbani havilingani, na mzazi anayeambiwa “kijiko” bila sifa zaidi atachukua kile kilicho karibu. Hapa kaida ya wingi ndiyo inayokiukwa: taarifa iliyotolewa haitoshi kwa kazi iliyokusudiwa.

4.2 Wakati: Kutwa na Saa

Kauli “kidonge kimoja kutwa mara tatu” imezoeleka kiasi kwamba haitiliwi shaka. Hata hivyo, kutwa katika Kiswahili ni kipindi kinachoanza asubuhi na kukoma jua linapotua. Ndiyo maana tunasema kutwa kucha tunapotaka kujumuisha usiku, na shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi hurudi nyumbani kulala. Mgonjwa anayelisikia neno hilo kwa maana yake ya asili anaweza kumeza kidonge cha kwanza asubuhi, cha pili mchana na cha tatu kabla ya magharibi, kisha akakaa zaidi ya saa 12 bila dawa. Mtaalamu alikusudia muda wa saa 24 ugawanywe sawasawa. Neno alilotumia limeugawa mchana peke yake.

Neno saa lina utata mkubwa zaidi, kwa sababu linataja wakati ulioonyeshwa na saa, na pia urefu wa muda. Mfano bora ni dawa mseto ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya chaguo la kwanza mwaka 2006. Mtu mzima hutumia vidonge 24 katika dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza, na zinazofuata humezwa asubuhi na jioni. Tuseme mgonjwa amemeza dozi ya kwanza kituoni saa 4 asubuhi, akaambiwa, “Dozi ya pili utameza baada ya saa nane.” Kauli hiyo ina maana mbili zilizo sahihi kisarufi:

(a) Muda wa saa nane ukipita, yaani saa 12 jioni.
(b) Wakati wa saa 8 mchana ukipita, yaani saa nne tu baada ya dozi ya kwanza.

Hakuna kosa la kisarufi kwa msemaji wala la kimantiki kwa msikilizaji. Inafaa kutaja hapa kwamba walimu wa Kiswahili sanifu hulikosoa umbo masaa, kwa hoja kuwa nomino saa haibadiliki katika wingi. Hata hivyo, wazungumzaji wengi husema “masaa nane” wanapotaja muda na “saa nane” wanapotaja wakati, na hivyo wamejitengenezea njia ya kuondoa utata ambao usanifu umeuacha. Mwandishi hapendekezi kuvunja kanuni za usanifu katika maandishi rasmi. Anapendekeza kwamba mtoa dawa ataje wakati wenyewe: “Leo saa 12 jioni, jua likizama.” Mgonjwa asiye na saa ya mkononi anaweza kuongozwa na jua, adhana, kengele ya kanisa au taarifa ya habari ya redio.

Mwezi wa Ramadhani huongeza mtihani mwingine. Dini inamruhusu mgonjwa asifunge, lakini wengi wa wagonjwa wa presha na sukari hufunga, na wengine hawamwambii tabibu wakihofia kukatazwa. Aliyeambiwa “kutwa mara tatu” hubaki na njia mbili: kuacha dawa mwezi mzima, au kuzibana dozi zote kati ya futari na daku. Swali moja la mapema, “Je, utafunga mwaka huu?”, lingempa tabibu nafasi ya kumwonya ambaye funga ni hatari kwake, na kumpangia upya dawa yule anayeweza kufunga.

4.3 Chakula: Sharti Lisilo na Upande wa Pili

Maelekezo “baada ya kula” hutolewa kwa dawa nyingi, na sababu zake hutofautiana. Lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta, ndiyo maana maziwa au chakula chenye mafuta hupendekezwa. Metiformini humezwa na chakula ili kupunguza kuchafuka kwa tumbo. Rifampisini, kinyume chake, hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Mgonjwa hupewa agizo bila sababu, naye huijaza sababu mwenyewe: dawa ni kali, na asiyekula vizuri itamwangusha.

Katika kaya inayokula mlo mmoja au miwili kwa siku, agizo la “mara tatu baada ya kula” haliwezi kutekelezwa kama lilivyo. Mgonjwa hutafsiri kuwa pasipo mlo hapana dawa, akameza mara moja au mbili. Akiulizwa kwa nini hakumaliza dozi, huona aibu kusema kuwa nyumbani hakukuwa na chakula, akasema alisahau. Kumbukumbu zitaandika kuwa mgonjwa ni msahaulifu.

Kiswahili kina nyenzo nyepesi ya kulimaliza tatizo hili, nayo ni viambishi vya masharti -ki- na -sipo-. Maelekezo tunayoyachambua yametungwa kana kwamba kila siku ya mgonjwa itakwenda sawa: “meza”, “kunywa”, “maliza”. Yamekosa upande wa pili wa sharti: usipopata chakula ufanyeje, ukisahau ufanyeje, ukitapika ufanyeje, zikiisha kabla ya tarehe ya kliniki ufanyeje. Mgonjwa anayekutana na siku isiyokwenda sawa hana sentensi ya kumwongoza, akabaki kuamua peke yake.

4.4 Jina la Ugonjwa: Presha Inayopanda na Kushuka

Katika matumizi ya kila siku, shinikizo la juu la damu huitwa presha, na watu hutofautisha presha ya kupanda na presha ya kushuka. Neno presha limechukua pia maana ya wasiwasi au msukumo wa akili, kama katika kauli “usinipe presha”. Maana hizi mbili zinapoungana, zinaujenga ugonjwa kama tukio: hupanda mtu anapoudhiwa au kufikwa na jambo zito, hushuka anapotulia. Tukio huhitaji dawa linapotokea. Halihitaji dawa siku ambayo halikutokea.

Kitabibu hali ni tofauti. Kwa wagonjwa walio wengi shinikizo la juu la damu ni hali ya kudumu isiyo na dalili. Mtu anaweza kuwa na kipimo cha juu ya 140/90 kwa miaka bila kuumwa kichwa, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika. Kipimo kizuri cha anayetumia dawa, kwa kawaida, ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Kauli “presha imeshuka” ni ya kweli, na hivyo haivunji kaida ya ubora. Inavunja kaida ya wingi, kwa kutosema kilichoishusha.

Ulinganisho na dawa za VVU unafundisha. Hapo awali ziliitwa dawa za kurefusha maisha. Siku hizi huitwa zaidi dawa za kufubaza VVU. Kitenzi kufubaza kinamweleza mtumiaji kazi inayoendelea ndani ya mwili: virusi havijatoka, vimefubazwa, na vitaamka mkono ukiondolewa. Jina lenyewe ni somo. Dawa za presha hazijapata jina la namna hiyo. Mtoa dawa anaweza kuliziba pengo hilo kwa sentensi moja: “Kidonge hiki ndicho kinachoishikilia presha isipande; siku utakayokiacha, itapanda tena hata kama hutahisi kitu.”

4.5 Swali “Umeelewa?”

Mazungumzo ya dirishani huhitimishwa kwa swali “Umeelewa?”, na jibu huwa “Ndiyo, daktari.” Katika adabu ya Waswahili, kumwambia mwenye elimu kwamba hukumwelewa ni kama kumwambia kuwa hakueleza vizuri. Mtu mzima anayehudumiwa na kijana wa umri wa mwanawe hataki aonekane hajui. Na nyuma yake iko foleni inayosubiri. Jibu la “ndiyo” hapo ni kitendo cha heshima zaidi kuliko taarifa ya uelewa.

Linganisha na mazungumzo yafuatayo, ambayo mwandishi ameyatunga kama kielelezo:

Mtoa dawa: Shikamoo, bibi.
Mgonjwa: Marahaba, mwanangu.
Mtoa dawa: Bibi, nimeeleza haraka haraka, sijui kama nimeeleza vizuri. Hebu nisaidie: ukifika nyumbani, dawa hizi utazimezaje?
Mgonjwa: Hizi nyeupe nitameza moja asubuhi. Hizi za njano... si ulisema kichwa kikiuma?
Mtoa dawa: Hapo nilikosea kueleza, bibi. Za njano nazo ni kila siku asubuhi, kichwa kiume kisiume.

Kijana amejitwika lawama ya kutoeleweka, na bibi amebaki na heshima yake. Muda uliotumika haufiki dakika moja, na kosa ambalo lingegunduliwa hospitalini baada ya miezi limegunduliwa palepale dirishani.

5.0 Mipaka ya Hoja

Ingekuwa kosa kudai kwamba lugha ndiyo kikwazo pekee. Dawa huadimika vituoni. Bei ya dukani humshinda mgonjwa asiye na bima. Kliniki huwa mbali na nauli haipo. Yako pia maudhi ya dawa zenyewe. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu; enalapili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu; dawa za kukojosha humfanya msafiri wa basi aziache siku ya safari. Hakuna sentensi inayoweza kumnunulia mgonjwa dawa.

Pamoja na hayo, vikwazo hivyo hufika kwa tabibu kwa njia ya maneno. Mgonjwa aliyevimba miguu akaacha dawa kimya kimya angeweza kubadilishiwa dawa nyingine iwapo angejua kuwa anaruhusiwa kusema. Anayeishiwa fedha angeweza kupewa dawa ya bei nafuu iwapo angeulizwa bila kuaibishwa. Swali “Je, unameza dawa zako?” humwalika ajibu ndiyo. Swali “Watu wengi hupitiwa na siku moja mbili, wewe wiki iliyopita zilikupita ngapi?” humfungulia mlango wa kusema kweli.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo sita kwa watoa dawa wa vituo vya afya, famasi na maduka ya dawa muhimu.

Kwanza, alama za hesabu zifuatwe na maneno kamili juu ya kibahasha: “vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku”. Pili, wakati utajwe kwa saa ya Kiswahili na kipindi cha siku, na uambatanishwe na jambo ambalo mgonjwa hulifanya kila siku bila kukosa, kama vile kupiga mswaki, kusali au kufunga mlango wa kuku. Tatu, kila agizo la chakula liambatane na upande wa pili wa sharti, kulingana na dawa husika. Nne, mgonjwa aelezwe afanye nini akisahau. Kwa dawa nyingi za kila siku, humeza anapokumbuka. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, huisubiri hiyo, na hamezi dozi mbili kwa pamoja. Tano, katika magonjwa ya kudumu, kila taarifa ya kipimo kizuri iambatane na sababu yake na neno la kuendelea: “Presha imeshuka kwa sababu unameza dawa, endelea hivyohivyo.” Sita, swali “Umeelewa?” libadilishwe kuwa ombi la kueleza, na neno mtoro liondolewe katika mazungumzo na kumbukumbu.

Kwa vyuo vinavyoandaa wauguzi, wafamasia na matabibu, inapendekezwa kuwa na somo la Kiswahili cha huduma. Wanafunzi hao husomea tiba kwa Kiingereza na kuitekeleza kwa Kiswahili, na daraja kati ya lugha hizo mbili huachiwa kila mmoja ajijengee mwenyewe. Kwa watafiti wa isimu, eneo hili bado lina kazi nyingi: kurekodi, kwa ridhaa na kwa kuzingatia maadili ya utafiti, mazungumzo halisi ya dirisha la dawa, na kupima ni kauli zipi hueleweka na makundi gani ya wagonjwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kauli fupi zinazotumika kumwelekeza mgonjwa, yaani mara, kutwa, saa, baada ya kula, imeshuka na umeelewa, zina maana zaidi ya moja, na kwamba mgonjwa huchagua maana kwa kufuata kaida zilezile za mazungumzo zinazomwongoza mzungumzaji yeyote wa Kiswahili. Panapotokea kosa, chanzo kinaweza kuwa katika kauli kabla ya kuwa katika tabia. Hili ni jambo la kutia moyo, kwa sababu kubadili kauli ni rahisi kuliko kubadili tabia, na halihitaji kusubiri bajeti.

Mama aliyetajwa mwanzoni mwa makala haya anaendelea na matibabu. Mkono wake wa kulia haujarudi kama ulivyokuwa. Humeza kidonge chake kila alfajiri baada ya sala, na akiulizwa ni cha nini, hujibu kwamba kinaishikilia presha isipande. Sentensi hiyo aliipata kwa muuguzi wa zamu, siku ya tatu ya kulazwa kwake, na angeweza kuipata kwenye dirisha la dawa siku ile ya hongera.